Tulivyomposa Kocha

Mwaka ule timu yetu ilikuwa imefukuza makocha wawili na ligi haijafika nusu. "Kufukuza" ni neno langu. Kamati yetu haikuwahi kumfukuza mtu. Ilimpa mapumziko, ikamshukuru, ikamwombea, na kesho yake ikaniambia mimi nishikilie timu kwa muda.

Nilikuwa naibu kocha kwa miaka saba, chini ya makocha watano. Kila mmoja alipoondoka nilishikilia wiki tatu, wiki sita, mara moja miezi miwili, kisha akaletwa mwingine, nami nikarudi kupanga makopo matupu ya rangi yaliyokuwa alama zetu za mazoezi. Wachezaji walikuwa wajanja. Nikishikilia timu waliniita "koch". Kocha mpya akiingia, siku hiyohiyo nilirudi kuwa "mzee".

Mchana nilikuwa mtu wa kiwandani. Nilianza zamu alfajiri, na kufikia saa kumi nilikuwa kwenye uwanja wetu wa murram, ule udongo mwekundu mgumu usio na nyasi, miguu imevimba, nikipiga filimbi. Nikitoka hapo natembea hadi nyumbani Mowlem. Sikulalamika, au niseme nililalamikia nyumbani tu. Mke wangu ndiye aliyesikia yote, na mwaka ule alikuwa amechoka kusikia.

"Baba watoto, waambie unaitaka timu iwe yako, ama uachane nayo," aliniambia. "Hujawahi kuwaambia. Unangoja wakuone."

Nilimwambia wananiona kila siku. Akasema hata mlingoti wa goli wanauona kila siku.

Alisema kweli, na ndiyo maana nilinuna. Niliitaka ile timu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilijua nisipopewa mwaka huo sitapewa tena. Tulikuwa wa pili kutoka mkiani, na kushuka daraja kulikuwa kumeanza kuonekana kama jambo la kawaida. Ugonjwa wetu niliujua. Beki wetu wa kushoto alikuwa amehamishiwa katikati kwa sababu ni mrefu, na huko kushoto akawekwa mtu aliyeogopa mpira. Krosi zote zilitokea hapo. Mambo mengine yangejinyoosha yenyewe. Lakini aliyeshikilia kwa muda hakuruhusiwa kubadilisha mpangilio; kamati ilitaka timu ibaki ilivyo hadi kocha aje.

Sasa nieleze kamati yetu ilivyotafuta kocha, maana asiyeiona hataamini. Wengi walikuwa wazee waliotoka magharibi mwa nchi kama mimi, wakaja mjini kufanya kazi za viwandani au biashara ndogo. Mwenyekiti aliuza mbao. Kocha hakuandikiwa barua, wala hakuitwa ofisini, kwa kuwa ofisi hatukuwa nayo. Alitembelewa kwake. Watu watatu wakitoka kanisani Jumapili, wakiwa bado na suti, wanabeba sukari na mkate, wanabisha hodi. Ziara ya kwanza ni chai na kuulizana hali. Ya pili mpira unaguswa kwa mbali, kama habari iliyopita tu njiani. Ya tatu ndipo neno linatolewa. Ndivyo binti anavyoposwa kwetu, na mwenyekiti aliamini kabisa kwamba njia iliyomletea mke mwema italeta na kocha mwema.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mwenyekiti, mzee mmoja mwenye sauti nzito aliyekuwa msemaji wetu katika harusi na matanga, na mimi. Mimi nilipelekwa kwa kuwa najua mpira. Kwa lugha ya posa, nilikuwa mshenga.

Tulianzia Mathare, kwa jamaa mmoja mkali aliyewahi kupandisha daraja timu mbili. Tukanywa chai ya kwanza. Jumamosi iliyofuata tukafungwa. Tukanywa chai ya pili, msemaji wetu akataja kwamba siku hizi mpira umekuwa mgumu, yule jamaa akakubali kwamba ni mgumu kweli, tukaaga. Tukafungwa tena. Jumapili ya tatu tulipobisha hodi, mkewe alitufungulia akasema mumewe yuko mazoezini. Mwenyekiti akauliza, mazoezi gani tena Jumapili? Mama akatutajia timu nyingine ya ligi yetu, iliyomchukua tangu Jumatano. Akaongeza kwa upole kwamba mumewe alikuwa akishangaa tunataka nini.

Ungefikiri tulijifunza kitu. Njiani mwenyekiti alisema yule jamaa ameonyesha tabia yake mapema, na kwamba Mungu ametuepusha. Mkate tulirudi nao. Hapo ndipo ningefungua mdomo. Tulikuwa watatu tu barabarani, hakuna mwenyeji wa kumwonea haya, na tulikuwa tumebaki bila mtu. Badala yake nilisikiliza wakitaja jina la jamaa wa Pumwani, nikasema ndiyo, ni mtu mzuri.

Na kweli alikuwa mtu mzuri. Zamani alikuwa kipa, nami mshambuliaji wa timu nyingine, tukaumizana mara kadhaa bila ubaya. Sasa alikuwa akifundisha timu ya daraja la chini pale Majengo, na watu walimsifu. Tukavua viatu mlangoni mwake, tukakaa kwenye mkeka, tukaletewa chai ya iliki na mahamri. Ziara ya kwanza ikapita, na ya pili. Katikati yake tulitoka sare moja, nikajidanganya kwamba kamati itaona kazi yangu. Mwenyekiti alinipigapiga mgongoni akasema nimeshikilia vizuri.

Usiku wa kuamkia ziara ya tatu mke wangu alinipigia pasi suti yangu. Hakusema lolote kuhusu timu. Nilijua kwamba ananyamaza kwa makusudi, na nikakasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyeninyima kazi.

Siku yenyewe msemaji wetu alisafisha koo akaanza. Akasema tumekuwa tukipita njia hii, na katika boma hili tumeona ua. Jamaa wa Pumwani alijikaza asicheke. Alikuwa na ndevu fupi, amevaa kanzu, na ua halikuonekana popote. Alimwacha mzee amalize kwa heshima. Kisha akanigeukia.

"Na huyu?" akauliza. "Wiki hizi zote si yeye anayefundisha?"

"Huyu ni wetu tayari," mwenyekiti akasema. "Tutamposa kwa nani?"

Walicheka wote. Nami nilicheka, na pengine zaidi yao. Haikuwa dharau, na hilo ndilo lililonichosha. Ningedharauliwa ningejua la kufanya. Lakini mwenyekiti alinipenda. Kwake yeye kocha alikuwa mtu anayetoka nje na kuingia nyumbani, na mimi sikuwa na mahali pa kutoka.

Jamaa akaomba dakika chache anionyeshe kitu uani. Hakukuwa na kitu cha kuonyeshwa, ila nguo zilizoanikwa na kuku wawili. Akasimama karibu nami, akashusha sauti.

"Ndugu yangu, niambie ukweli. Timu hii unaitaka wewe? Ukisema ndiyo, narudi ndani niwaambie wakupe. Mimi nina timu yangu, sina haraka."

Nimefikiria ile dakika mara nyingi kuliko goli lolote nililowahi kufunga. Kupitia dirishani nilisikia mwenyekiti akisifu mahamri. Nilifikiri, nimekuja hapa kuwaposea wenzangu, nitajiposaje mwenyewe? Watasema nilikuwa na yangu tangu mwanzo, kwamba ndiyo sababu hata yule wa Mathare alitukimbia. Nilifikiri pia juu ya miaka saba. Neno lenyewe lilikuwa fupi na mtu ameniuliza kwa wema. Sikuliweza.

"Hapana," nikasema. "Mimi nimechoka tu."

Alinitazama kidogo. Akasema pole, akanishika bega, tukarudi ndani. Akaikubali timu kabla chai haijapoa.

Alianza Jumanne. Zoezi la kwanza alimrudisha beki wa kushoto mahali pake, na mimi nilisimama kando na filimbi yangu nikiona jinsi ile nafasi ilivyozibika. Wachezaji walikimbia kama waliolala vizuri. Mmoja alipita akaniambia, "Huyu koch ako sawa, mzee." Nikamwambia najua.

Zoezi likiwa bado linaendelea mwenyekiti alinijia, akanivuta kando kwa mkono kama mtu anayempeleka mwenzake kumpa zawadi. Alisema kocha mpya amenizungumzia vizuri sana. Amewaambia wazi kwamba huyu mwenzenu amewafanyia kazi miaka mingi na sasa amechoka, amekiri kwa mdomo wake, na haifai kuendelea kumbebesha. Basi atakuja na naibu wake kutoka Pumwani. Mwenyekiti aliomba radhi kwamba wao wenyewe hawakuwa wameliona hilo. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamshukuru.

Timu haikushuka daraja. Nilisikia redioni siku ya mechi ya mwisho, nikafurahi, kisha nikajichukia kwa kufurahi.

Lakini nirudi Jumanne ile. Nilifika nyumbani jua bado liko juu, na mke wangu alishangaa kuniona mapema. Nilimwambia kamati imechagua mtu mwingine na mimi wamenipumzisha. Aliacha mboga aliyokuwa akikata, akaketi. Kisha akaanza kuwasema mmoja baada ya mwingine, mwenyekiti, msemaji, kamati nzima, watu wasio na macho, miaka saba mbele yao na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumuuliza mume wake kama anaitaka. Alilia kwa hasira. Sijawahi kumwona akinitetea hivyo, kabla ya hapo wala baadaye.

Nilimwacha aendelee. Sikumwambia kwamba niliulizwa.