Sanamu Iliyolala Kifudifudi

Kazi yangu ni kukagua vifaa kabla jeshi halijavinunua, niangalie kama vinamfaa mtu atakayevivaa. Asubuhi hiyo tulikuwa ziwani, mbele ya Kirumba, tukijaribu jaketi za kujiokolea. Muuzaji alikwisha kuzijaribu kwa mtu aliyevaa kaptula. Nilimuuliza kwa hasira ni askari gani wa doria anayezama na kaptula.

Tukashona sanamu ya magunia na mchanga, kwa vipimo vya mwili wangu. Tukaivisha sare na buti zangu, redio mgongoni, na jaketi juu yake, tukaitupa majini. Jaketi ilipaswa kuilaza uso juu. Sanamu ikajigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta usingizi, ikalala kifudifudi. Ikabaki hivyo.

Mtumbwi wa dagaa ulikuwa unarudi Mwaloni, kwenye soko la samaki. Mzee aliyeushika usukani akazima injini, akavua kofia. Wavuvi wa huku hawaipiti maiti majini. Kabla boti yetu haijawafikia, walikwisha kuipakia na kuifunika turubai.

“Shikamoo mzee,” nikasema. “Huyo si mtu. Ni sanamu tu.”

“Marahaba,” akaitikia, lakini mkono hakuuondoa juu ya turubai. “Sisi hatumfikishi mtu nchi kavu bila jina. Anaitwa nani?”

Muuzaji akacheka. Mimi nilikuwa natazama buti zangu, zilizochomoza chini ya turubai zikichuruzika maji. Nikafungua mdomo nimkatalie mzee, na jina lililonitoka lilikuwa langu.