Nilivyokuwa Mkamwana wa Mama Mshonaji

Mimi ni mwanaume, nina ndevu, na kuna kipindi nilikuwa mkamwana wa mtu.

Msicheke kwanza.

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nafundisha mazungumzo ya Kiingereza kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi. Mtindo wangu ulikuwa mmoja: mwanafunzi anaigiza, mimi namjibu.

Mwanafunzi mmoja, kinyozi, aliniomba niwe mteja mgeni. Mama mmoja mshonaji akasema, "Mwalimu, mimi uniwie mke wa marehemu mwanangu."

Kijana wake alifia ng'ambo. Aliacha mke asiyejua Kiswahili hata neno, na binti mdogo ambaye mama huyu hajawahi kumsikia hata sauti.

Alitaka kitu kimoja tu. Aongee na mjukuu wake.

Basi kila kipindi tunapiga simu ya uongo. Yeye anaomba kwa Kiingereza, mimi nabana sauti: "Bila shaka, mama. Huyu hapa."

"Mkamwana gani ana ndevu kumshinda baba mkwe?" Kinyozi ananitania.

Darasa zima hoi. Mama naye anacheka, kisha anakaa sawa: "Tena, mwanangu."

Alipoiva, akapiga simu ya kweli, palepale darasani, akaweka spika. Aliomba vizuri kuliko mimi ninavyoomba kazi.

Ikajibu sauti ya upole, kwa Kiingereza: "Samahani. Mtoto ana baba mwingine sasa, anamjua huyo tu. Tafadhali usipige tena."

Mama akatabasamu. Akajibu kama tulivyozoea: "Asante sana, binti yangu. Mungu akubariki."

Simu ikakatwa.

"Ameenda kumwita?" akaniuliza.

Kinyozi akainamisha kichwa. Ikabidi nimwambie mimi.

Nilijua harudi tena. Kipindi kilichofuata nikamkuta ameshakaa, kiti cha mbele.

"Ameshaifungia namba yangu," akasema. "Tuanze."

"Tuanze nini, mama?"

"Kuwa mkamwana. Ila leo ninyime. Nataka nijue ningemjibu nini."

Nikafungua mdomo, likatoka lilelile: "Bila shaka, mama."

"Hapana, mwanangu. Ninyime."

Nikashindwa. Kinyozi ndiye aliyemnyima, kwa sauti ya chini, kama anaungama.

Mama alifikiri sana. Hakupata jibu, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili.

Ndugu zangu, ukimfundisha mtu kuomba, mfundishe na kunyimwa. Wengi wetu ndivyo tutakavyojibiwa.