Mpelelezi Anayelala na Viatu

Jumamosi nilikuwa katika duka moja hapa Eldoret ambapo unapeleka flashi ujaziwe filamu. Mbele yangu, mwanaume wa makamo alikuwa akisifu tamthilia ya ng'ambo, ile yenye maandishi chini, kuhusu mpelelezi aliyeponea moto utotoni.

“Huyo jamaa hulala na viatu miguuni, moto ukizuka akimbie,” alimwambia muuzaji, kiganja kifuani. “Hapo nilitoa machozi. Inaonyesha vile mwanaume huumia ndani na hasemi.”

Mkewe alikuwa kando, ameshika mfuko wa sukuma wiki.

“Ndugu yako pia hulala na viatu,” akasema, “tangu nyumba yake ichomwe huko mtaani Langas, ile vita ya baada ya kura. Na juzi ukamwita mwoga mbele ya watoto.”

“Wachana na hiyo, mama. Huyo avue viatu, akuwe mwanaume.” Akamgeukia muuzaji. “Niwekee sizoni ya pili.”

Sisi wanaume wa mji huu tuna huruma tele, mradi anayeumia ni mzungu mwenye bastola. Kosa la yule ndugu ni moja tu: anaumia kwa lugha tunayoielewa.