Ua la Idi Msituni Usambara

Safari hii ilianza na chungu kimoja cha maua dirishani kwetu Saltley, mjini Birmingham, Uingereza. Mdogo wangu Idi alikinunua sokoni: ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama kitambaa cha mahameli. Akasoma kwamba asili yake ni milima ya Usambara, kwao marehemu mama. Tangu siku hiyo sikupata raha. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, baba na mama walipokwisha kufariki, nikaingia kushona viti vya magari ili yeye asome. Sasa ana miaka kumi na minane na amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea mimea. Mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha magari cha Longbridge kikafungwa, kazi yetu ikakauka, tukapewa likizo ndefu. Nikamwambia Idi twende tukalione ua lake huko linakoota lenyewe.

Idi ana pumu. Tangu akiwa mdogo, inhela yake, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, naibeba mimi, katika mfuko wa pembeni wa mkoba wangu. Akikohoa, hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami huiweka kiganjani mwake.

Alfajiri, uwanja wa ndege wa Birmingham, mkaguzi aliinua ile inhela akauliza ni ya nani. "Yangu," nikajibu, kisha nikajirekebisha. Idi alicheka.

Siku ya tatu mchana tulishuka basi Muheza. Singano, kiongozi wa wageni kutoka kambi ya msituni, alikuwa akitungoja na Landrova.

"Huyu ndiye bwana maua?" aliuliza.

Idi alimjibu kwa Kiingereza.

"Aa! Kiswahili umekisahau kwenye ndege?"

"Anakielewa chote," nikasema. "Anakifanyia uchoyo tu."

Barabara ilipanda kwa kona nyekundu hadi kwenye baridi na harufu ya iliki. Kambi yenyewe ni vibanda vinane vya mbao juu ya nguzo, taa za umeme wa jua, na choo kisichovutwa maji: ukimaliza unamwaga kopo la maranda. Mwenyeji wetu, Mama Nuru, alitupa chai na masharti. Sabuni ya manukato, marufuku. Mkoba msituni, marufuku pia, kwa sababu kima wamejifunza kufungua zipu. Kila mgeni ana sanduku lake la chuma barazani, na ufunguo anakaa nao mwenyewe.

"Walimwibia mzungu mmoja dawa ya meno, wakaimaliza," alisema. "Sasa meno yao meupe kuliko yangu."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, nilifunga mkoba sandukuni, nikavuta kufuli mara mbili kuhakikisha, nikauvaa ufunguo shingoni kwa kamba. Nilijiona mtu makini sana.

Tulipanda na Singano mwendo wa saa moja na nusu. Miti ilifunga anga, manyunyu yakaanza, udongo ukawa unateleza. Idi alikuwa mbele, karibu anakimbia. Kwenye kijito, juu ya mwamba uliolowa, yalikuwepo: maua yaleyale ya dirishani, yamejishikiza kwenye nyufa bila chungu wala mtu wa kuyamwagilia. Idi alipiga magoti mbele yake akacheka kwa sauti. Kicheko kikageuka kikohozi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Mkono wangu ulikwenda begani, kwenye ukanda wa mkoba. Hakukuwa na ukanda.

Singano alielewa kabla sijamaliza kueleza. "Nikikimbia peke yangu, kushuka ni dakika ishirini. Nipe ufunguo, dada."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Utapotea njia panda ya kwanza, halafu nitakuwa na watu wawili wa kuokoa. Nipe."

Dawa ya Idi haikuwahi kupita mkononi mwa mtu mwingine. Niliivua ile kamba. Singano akatoweka kwenye majani.

Nilimkalisha Idi wima, ameinama kidogo, mikono magotini, nikamvika sweta langu. Kifua chake kilipiga mluzi. Midomo ilianza kupoteza rangi.

"Puliza chai," nikamwambia, kama nilivyomwambia utotoni: vuta kwa pua, toa polepole kama unapoza kikombe. "Puliza tena. Tena."

Sikujua muda umekwenda kiasi gani. Hondohondo walipita juu, mabawa yao yakivuma, nami nikawachukia kwa hewa yote ile waliyokuwa nayo. Ndipo Idi akasema, kwa Kiswahili, neno mojamoja:

"Dada. Suruali hii... ina mifuko... sita."

"Usiongee."

"Yote... mitupu."

Nikamshika mgongo, tukaendelea kupuliza.

Kwanza nilisikia vijiti vikivunjika. Singano alitokea na matope hadi mapajani, ameukumbatia mkoba wangu. "Sikujua dawa ni ipi, nimebeba vyote!" Niliitikisa inhela. Idi aliichukua mwenyewe mkononi mwangu. Akavuta, akazuia pumzi, akangoja, akavuta tena. Polepole mluzi ukashuka, midomo ikarudia rangi yake.

Njiani kurudi tulikutana na Mama Nuru akipanda na vijana wawili na machela, tayari kumpeleka Idi zahanati.

"Mbona hamkusema ana pumu? Singano angebeba dawa."

"Huwa naibeba mimi."

"Na leo uliibeba?"

Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililouma. Miaka yote nilidhani namlinda Idi. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kunyoosha mkono tu.

Tulikaa siku mbili zaidi. Idi alirudi mwambani taratibu akachora maua yake. Kisha Dar, uwanja wa ndege. Mkaguzi aliinua inhela: "Hii ya nani?"

Nilifungua mdomo.

"Yangu," Idi akasema, akaitia mfuko wa goti.

Birmingham tulipokewa na mvua. Kutoka kituo cha basi tulipanda mtaa wetu na masanduku, mimi mbele. Karibu na mlango nilisikia kikohozi nyuma yangu, kisha inhela ikitikiswa. Sikugeuka.