Taa ya Mita Niliyoifunika kwa Gunia

Nimekosa, jamani. Mdomo wangu ulimzikisha mama ya rafiki yangu, na lawama yote akabebeshwa mtu mwingine. Mnitukane mkitaka, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Naishi Kitale, ingawa kwetu ni Bungoma. Jirani yangu nitamwita Rispa. Huyo alikuwa zaidi ya dada. Tulitoka upande mmoja, tukaomba pamoja, watoto wetu wakala sahani moja. Bwana yake, nimwite Wekesa, alijenga nyumba yao kwa matofali mabichi aliyofyatua mwenyewe.

Watu wa maji walipoleta mita mpya, zile za kompyuta, mtaa ulichemka. Ati inahesabu hewa! Ati inapeleka siri za nyumba yako ofisini! Ati ni ya shetani! Na mimi nilikuwa mbele kabisa. Mimi ndiye nilikuwa naongoza maombi ya akina mama, sasa nani angenibishia?

Siku walifunga ya Rispa, yeye alikuwa ameenda soko. Fundi akaniachia maneno. "Mama, mwambie akiona taa nyekundu inawaka na mifereji yote imefungwa, ajue maji inatoroka chini ya ardhi. Atuite haraka."

Nikamcheka. "Enda ufungie mama yako kwanza!"

Rispa aliporudi sikumwambia kitu. Niliona ni upuzi tu.

Haikupita muda, taa ikawaka. Rispa akaja mbio.

"Dada, hii taa ni ya nini? Si tuite wenyewe waangalie?"

"Waangalie nini? Hiyo ndiyo ile inahesabu hewa, wakuletee bili ya uongo. Wewe umeokoka na unaogopa taa, bana?"

Nilichukua gunia, nikafunika ile mita, nikawekelea jiwe. Nikaikemea kwa maombi, wamama wakaitikia amina. Wee! Ungeniona siku hiyo ungedhani nimeangusha Goliathi.

Sukuma wiki ya Rispa nyuma ya nyumba ikanona, hata kiangazi. Tukasema ni baraka. Nilichuma, nikapika, nikashukuru Mungu. Kichwa yangu haikujiuliza hayo maji yanatoka wapi.

Halafu mama yake Rispa akaja kutoka Myanga kutibiwa macho. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe, kwa hivyo alilala kwangu. Mchana alishinda kwa binti yake. Akisikia sauti ya Wekesa, anatoka na mlango wa jikoni, anakaa nyuma ya nyumba mpaka mkwe amalize kula aende. Ni heshima tu, hakuna mtu aliona ni ajabu.

Siku hiyo Wekesa alikuja chakula cha mchana. Mama akatoka na kigoda chake, akaegemeza mgongo kwa ukuta. Mimi nilikuwa naanika nguo. Niliona ukuta ukizama kuanzia chini, pole pole, halafu wote mara moja.

Uwi! Tulichimba kwa mikono. Wekesa, ambaye hajawahi hata kumsalimia huyo mama kwa mkono, alimbeba kifuani akilia, "Mama, nisamehe! Mama, nisamehe!" Lakini alikuwa ameshakata roho.

Matofali ya chini yalikuwa yamelowa yakawa uji. Watu wakasema ukuta ndio umekata bomba ukianguka. Mimi nilijua. Na hapo ndipo nilifanya kitu mbaya zaidi: wakati watu wanalia, nilizunguka nikatoa lile gunia, nikalitupa kwa shimo la choo.

Kwa matanga kule Myanga, ndugu zake Rispa walimsimamisha Wekesa mbele ya watu. "Ulijengea dada yetu nyumba ya matope! Umeua mama yetu!" Aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa hapo karibu, nimeshika mkono wa Rispa. Sikufungua mdomo. Mdomo wote huu! Siku moja tu ulihitajika, ukanyamaza.

Rispa hakurudi Kitale. Alibaki kwao na watoto. Wekesa yuko peke yake kwa chumba kilichobaki, amekonda, na kila asubuhi ananisalimia kwa adabu. Mimi usingizi umenihama. Maombi niliacha kuongoza, nikasingizia ugonjwa wa miguu.

Jumapili Rispa hunipigia simu. "Dada, niombee. Nimejaribu kumsamehe Wekesa, nashindwa." Na mimi, Mungu anione, ninamwombea. Ninaomba mpaka analia, tunasema amina.

Wenzangu, ukipewa maneno ya mtu, mfikishie vile yalivyo, hata kama humwamini aliyekutuma. Usijifanye unajua kitu hujui kwa sababu watu wanakusikiliza. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla jeneza halijafungwa, kabla mwenzako hajabeba mzigo wako. Ukichelewa utakuwa kama mimi, ninayewaambia nyinyi nisiowajua, kwa sababu Rispa nimeshindwa kumwambia.