Gari la Ihanda na Machela Iliyoegemezwa

Juma lililopita, pale Ihanda, nilimwona mtu akizungusha hendeli ya kuwashia gari mpaka viganja vikachubuka. Gari hilo alilitengeneza mwenyewe uani kwake: injini ya lori bovu, bodi ya mbao za mvule, viti vilivyojazwa majani makavu ya migomba. Ndani alilala mkewe, uchungu wa kuzaa ukimtesa tangu alfajiri.

Huku Karagwe mgonjwa hubebwa kwa machela, na kila mwanamume hutoa bega lake. Huyu alikuwa ameacha kwenda. Kila alipoitwa alijibu, "Ngojeni gari liishe, hamtabeba mtu tena."

Injini ilikohoa, ikanyamaza. Majirani walikuwa wamesimama kando ya mibuni, machela wameiegemeza ukutani.

"Ndugu zangu, nisaidieni."

Mzee mmoja alikunja mikono kifuani. "Tulipombeba mama yangu, wewe ulikuwa unakaza nati. Kwanza utuombe radhi."

Akapiga magoti vumbini, akawaomba mmoja mmoja. Mwingine akataka aape. Mwingine akasema hakumsikia vizuri, arudie. Walipoinua machela hatimaye, mkunga aliyekuwa naye garini alikuwa ameshamfunika mgonjwa uso.

Kwenye maziko hakukosekana mtu. Walipokezana jeneza bila kuitwa.

Sasa kijiji kizima kinasema gari ndilo lililomwua. Huenda. Ila mimi nilikuwapo, na sikulisikia gari likidai kuombwa radhi.