Picha Iliyonitoa Nje

Bwana yangu akitaka kupima rangi ya televizyo, aliniita: "Mama, leta mukono."

Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kioo cha televizyo, nikanyoosha mkono mpaka karibu ugusane na picha. Yeye alisimamisha filme mahali penye uso wa mtu mweusi, akaangalia ule uso, akaangalia mkono wangu, akabonyeza telekomande. "Hapana. Hapa uko mwekundu kama udongo ya kule Annexe." Akabonyeza. "Sasa uko kama muntu ya malaria." Akabonyeza tena. Mimi nachoka, maharagi yanaungua kwenye babula, jiko letu la mkaa, yeye hana haraka. Mpaka ngozi ya kwenye kioo ifanane na ngozi yangu, ndipo alisema: "Voilà. Unaona? Uko mu filme."

Mikono yangu haikuwa ya kuonyeshwa watu. Nilikuwa nauza makala, mkaa wa kupikia, tangu usichana. Lakini kwa bwana yangu, mkono wangu ndio ulikuwa kipimo cha rangi ya dunia.

Nasema haya kwanza ili msomaji ajue kwamba tulipendana. Kwa sababu watu wa kwao wamesema mengine.

Sitaandika majina. Lakini wakosaji nitawataja, kila mmoja mahali pake, na mwenyewe atajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake bwana yangu, anayekaa mtaa wa Hewa Bora. Yeye alikuwa na marafiki wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, akienda kuangalia filme nao kwenye ukuta mweupe, na kila mara alirudi na neno jipya. Siku televizyo ilipofika kwetu, ilikuwa inaonyesha namna ilivyokuwa inaonyesha dukani: majani ya kijani kama rangi ya mlango, meno ya watu ya bluu, kila kitu kinawaka. Mimi niliipenda hivyo. Nilisema, sasa tumekuwa na mwanga ndani ya nyumba.

Shemeji aliingia, akaangalia, akacheka mpaka akashika mlango, akamwambia kaka yake:

"Grand, hii ni mode ya magasin! Unaangalia filme kama uko unanunua frigo?"

"Basi inafanywa namna gani?" bwana yangu akauliza.

"Leta telekomande."

Akaingia ndani ya menyu, kwenye maneno ya Kifaransa ambayo mimi nilishindwa kuyasoma haraka, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la tano. Akachagua Cinéma. Akapunguza mwanga. Akatoa ile bluu, akaweka joto, anasema ndivyo wanaita, joto la rangi. Akazima na kile kitu kinachofanya watu watembee laini kama wanateleza kwenye sabuni. Picha ikawa ya manjano, na giza.

Mimi nikasema: "Mumeipatia homa."

Wote wawili walinicheka. Shemeji akasema: "Shemeji, macho yako itazoea. Filme inatakiwa chumba ya giza. Mukifunga dirisha, utaona mambo yote."

Muweke akilini neno lile: mukifunga dirisha. Ni yeye alilisema, ndani ya nyumba yangu, amekalia kiti changu.

Bwana yangu alikuwa mtoto wa mtu wa reli, mwenyewe alikuwa anachomelea vyuma. Mchana kutwa anaangalia moto, kwa hiyo giza kwake lilikuwa pumziko. Alipigilia misumari juu ya dirisha, tukawa tunatundika blanketi kila Dimanche tukitoka misa. Alianza kupima na mkono wangu, akisahihisha alichoweka mdogo wake, leo kidogo, kesho kidogo. Kwa kweli ngozi za watu zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Ila zilipoingia kwenye kivuli, au filme ikiwa ya usiku, mimi sikuona kitu. Nilisikia tu viatu na milango. Niliuliza: "Sasa ni nani amekufa?" Yeye alisema: "Angalia." Nilisema: "Naangalia nini? Ni sufuria imefunikwa!" Basi niliinuka naenda nje kwenye babula, na yeye alisema kila mara: "Nenda, ukirudi nitakuhadithia." Nikirudi, ananihadithia kweli, na sauti za watu wote, hata za wanawake. Alihadithia vizuri kuliko filme.

Shemeji aliyaona hayo. Alikuwepo mara nyingi. Alikuwa ananiita "Mama Babula", kwa sababu filme haijafika katikati niko nje tayari.

Wakosaji wa pili ni watu wa umeme. Walikuwa wanakata wanavyotaka, na wakirudisha wanarudisha kwa wenye nguvu. Wa tatu ni wezi wa mtaa wetu. Shemeji alituletea grupu, mashine ndogo ya petroli ya kutoa umeme, tukaiweka nje nyuma ya nyumba na mnyororo. Wezi wakaja kwa jirani wakabeba ya kwake na mnyororo wake. Bwana yangu akapata wasiwasi. Na nani alimpa shauri? Yule yule.

"Weka mu couloir, grand. Fungua mulango ya nyuma kidogo, moshi itatoka. Bantu bote banafanya hivyo."

Bantu bote. Ningependa wanionyeshe hao watu wote leo.

Ile Dimanche mvua ilikuja kubwa kutoka upande wa Kasapa, mabati yanapiga kelele. Umeme ukaenda. Bwana yangu akawasha grupu kwenye korido, akaacha mlango wa nyuma wazi kidogo, akatundika blanketi dirishani. Filme ilikuwa mpya. Ilianza kwenye giza na ikabaki kwenye giza.

"Ongeza mwanga," nikasema.

"Nikiongeza naua filme."

"Basi iue! Mi nione sura ya bantu, hata mara moja."

"Mama Babula," akasema, akitania kama mdogo wake, "nenda ku maharagi yako. Ukirudi nitakuhadithia."

Nikatoka. Babula ilikuwa nyuma, chini ya mabati ya jikoni. Upepo ulikuwa unasukuma mvua ndani, na ule mlango wa nyuma ukajifunga. Sikuusikia. Kwa mvua ile usingesikia hata gari.

Maharagi yalipoiva nikaweka kwenye sahani, nikafungua mlango na bega. Grupu inanguruma, moshi umejaa korido. Nikamwita, hakujibu. Nikafikiri filme imemkamata. Alikuwa ameegemea kiti, kichwa upande, na picha inaendelea mbele yake. Nilimshika chini ya makwapa nikamvuta. Kichwa changu kilikuwa kinapigwa kama ngoma, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilifika mlangoni. Mimi nilianguka kichwa nje, kwenye mvua. Yeye alibaki ndani, mikono yangu imemshika bado. Jirani ndiye alitukuta.

Mimi niliamka hospitali. Mkono wa kushoto unatetemeka mpaka leo, ule ule aliokuwa anapimia rangi.

Kilio kilifanyika kwao Hewa Bora. Baada ya mazishi, wakubwa wa familia waliketi, mimi nikaketi chini mbele yao na kitambaa kichwani. Mkubwa wa wanoko zake, yaani wajomba, akaanza:

"Bantu babili mu nyumba moja. Mumoja anakufa, mwingine anapona. Tuambie, binti. Ulitoka inje juu ya nini?"

"Juu ya picha, baba. Ilikuwa giza. Sikuona kitu."

"Picha gani?"

"Ya televizyo."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo: "Mulozi iko na akili! Bwana anakufa, yeye anasema televizyo." Wengine wakacheka, kwenye kilio, mnielewe vizuri. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama tu, akauliza kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi: "Mwanangu, muntu anakimbia picha?"

Nikageuza macho kwa shemeji. Alikuwa ameketi karibu ya mlango, anachora kitu kwenye vumbi na kidole. Yeye aliijua picha ile, aliichagua mwenyewe. Yeye aliniita Mama Babula. Angesema neno moja tu: ni kweli, kila mara anatoka. Lakini akisema hilo wangemuuliza la pili: nani alifunga dirisha? Nani alisema korido? Akanyamaza. Hapo ndipo namweka wa kwanza katika wakosaji wote, mbele ya wezi. Wezi hawakunijua.

Wakachukua televizyo, wakachukua viti, hata babula. Niliachiwa nyumba kwa sababu ilikuwa ya kupanga. Kwenye soko la makala, wanawake niliouza nao miaka mingi walisogeza magunia yao mbali na yangu.

Mwaka ulipoisha waliniita kwa kuondoa kilio, maana mjane hawezi kujivua nguo nyeusi peke yake. Nilienda kwa sababu nilitaka zitoke mwilini mwangu, si kwa upendo. Tulisali, tukala bukari, ugali wetu, na samaki, wakubwa wakabaki sebuleni wakinywa. Mvua ikaanza. Shemeji akawasha televizyo ili watu wasichoke. Ilikuwa yetu. Akavuta pazia, akafunga mlango, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya mvua. Umeme siku ile ulikuwepo.

Picha ilipotoka, niliitambua. Hakuna aliyegusa rangi zake. Ilikuwa na joto lake lile lile na giza lake lile lile. Akapita mwanamke mmoja kwenye kioo, na ngozi yake ilikuwa ngozi yangu.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha mbele. Akasogea. Akakunja macho. Akamuuliza mjukuu aliye karibu: "Ni nani huyo anasema?" Baadaye: "Bako wapi?" Baadaye akachukua fimbo yake akainuka.

"Mama, unaenda wapi? Filme haiyaisha," shemeji akasema.

"Naenda inje. Mi sioni kitu humu. Ni giza tupu."

Alifika mlangoni, akashika komeo, akasimama. Hakufungua. Mgongo wake ulikuwa kwetu. Aligeuka polepole, hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwanawe.

"Ilikuwa hii picha?"

Shemeji akajifanya hasikii.

"Nakuuliza weye. Kule kwabo, ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi, mama."

"Na huyu alikuwa anatoka?"

Noko mkubwa akaweka glasi chini.

"Alikuwa anatoka kila mara," shemeji akasema. "Tulikuwa tunamucheka. Mi ndiye niliwaambia bafunge."

Basi. Yalikuwa maneno machache hivyo. Mwaka mzima alikuwa nayo mdomoni, mwaka ambao watoto wa mtaa walikimbia kivuli changu. Noko alikohoa, akasema mambo ya Mungu hapangiwi. Hakuna aliyeniomba msamaha, na mimi sikungoja. Ningepewa ningeuweka wapi?

Mama mkwe alirudi akaketi, si kwenye kiti chake, kwenye mkeka karibu yangu. Akachukua telekomande kwenye mkono wa mwanawe, akaiweka kwenye mapaja yangu.

"Weye unajua hii mashine. Weka mwanga, mwanangu, tuone wote."

Nikafungua menyu. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi. Cinéma. Chini yake mistari yote aliyoisogeza yeye, huu kidogo, ule kidogo, kwa kuangalia mkono wangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, na picha inarudi ya dukani, meno ya bluu, kila mtu anaona.

Nikafunga menyu. Nikainuka, nikavuta pazia, nikafungua na mlango wazi kabisa, mvua ikarukia mpaka kwenye simenti. Mwanga ukaingia. Kwenye kioo filme ikapotea kabisa, tukabaki kuonekana sisi tulioketi, na uwanja nyuma yetu.

"Sasa hatuoni kitu!" shemeji akasema.

"Uhadithie," mama mkwe akamwambia. "Kaka yako alikuwa anahadithia."

Akajaribu. Hajui kuhadithia.